Alama Alizojipa Bibi Asbjørg

Bibi Asbjørg alimuuguza mumewe, Torleif, miaka tisa baada ya kiharusi. Alimnyanyua, alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani kila alfajiri, mpaka goti lake mwenyewe likaharibika. Torleif alifariki theluji ikianza kuyeyuka. Kiangazi Asbjørg akapasuliwa goti, akaanza kulala vizuri, akanawiri. Sisi majirani pale kisiwani tukasema, mama wa watu sasa amepumzika.

Oktoba akaja Ragnfrid, muuguzi wetu, na fomu ya afya ya wazee. Mimi nilikuwa jikoni kwa Asbjørg, nimempelekea samaki.

"Kutembea?"

"Sina shida."

"Kuoga, kuvaa?"

"Mwenyewe."

"Haya bibi, jipe alama. Sifuri ni afya mbaya kabisa, mia ni nzuri kabisa. Leo je?"

"Arobaini."

Ragnfrid akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akatoa fomu ya zamani. "Miaka mitatu iliyopita ulijipa themanini na tano. Na hapo goti bovu, hulali, umekonda kama sindano!"

"Themanini na tano? Mimi?"

"Sahihi yako hii hapa."

"Basi nilikudanganya." Akaikodolea macho ile karatasi. "Hapana, ngoja. Asubuhi ile Torleif alitamka jina langu, mara ya kwanza tangu kiharusi. Lakini goti nalo liliniuma mpaka nikalia. Sasa afya ni ipi hapo, mwanangu?"

Nikajitia kuchekesha: "Labda umezeeka tu."

"Nyamaza, Oddvar! Wewe hata soksi zako hujui ya kulia ni ipi."

Ikaandikwa arobaini. Jioni Asbjørg akampigia Ragnfrid simu: weka sitini. Kesho yake: rudisha, weka thelathini. Siku ya tatu akatembea kilomita mbili kwenye upepo hadi zahanati, akasema hajui. Ragnfrid akafuta namba, akaacha nafasi ile wazi, akaandika pembeni: "Anatembea vizuri. Hajui aende wapi."

Tangu hapo Ragnfrid humpitia kila Alhamisi, wanakunywa kahawa bila fomu. Juzi nilimuuliza Asbjørg kama anaendelea vizuri.

"Naamka saa kumi na moja alfajiri, sina wa kumgeuza," akasema. "Nakaa kitandani naishangaa mikono yangu. Hiyo ni vizuri au vibaya? Niambie wewe."

Nikamsaidia kumenya viazi.