Ng'ombe wa Uzamivu

Nilikwenda nyumbani Nzega kwa sababu ada ya mwaka wa mwisho ilinishinda. Tangazo la chuo lilisema shahada ya uzamivu ni miaka mitatu, na mfadhili wangu aliliamini. Kibali cha utafiti kilikula mwaka mzima, msimamizi akakalia sura zangu mwaka mwingine, ufadhili ukaisha ndiyo kwanza naanza kuwahoji wakulima wa pamba. Tangu hapo baba alikuwa ananilipia kwa kuuza ng'ombe. Ndipo akapiga simu: "Njoo. Washenga wa Masanja wanakuja, mahari ikitoka ada imepatikana." Masanja alikuwa mchumba wangu, mwalimu, mtu wa subira.

Tabora nilishuka kwenye treni asubuhi, nikapitia Kwihara kumchukua shangazi, maana mahari haizungumzwi bila yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umemaliza shule?"

"Bado."

"Hata misafara ya zamani ilipumzika hapa ikaendelea, ikafika. Wewe mwenzetu unakwenda wapi?"

Nilicheka kwa adabu, lakini iliniuma.

Nzega tuliwakuta washenga wameshaketi. Mimi nilibaki jikoni, kama desturi ilivyo, nikisikiliza. Baba alitaja idadi ya ng'ombe.

"Mzee," mshenga akasema, "mwaka juzi tulielewana. Mbona wameongezeka?"

"Mwaka juzi hakuwa amesoma kiasi hiki. Kila mwaka wa shule una ng'ombe wake."

"Sasa akichelewa tena, na sisi tuongeze? Kijana wetu anataka mke, mzee. Ada si yake."

Waliaga kwa heshima zote, na chakula hawakugusa. Hapo nikajua imekwisha. Jioni Masanja alinipigia, akasema amechoka kusubiri kitu kinachopanda bei kila akikikaribia.

Nilimvaa baba kwa hasira. "Umenipangia bei kama gunia la mpunga!"

Hakupandisha sauti. "Wale niliouza ni ng'ombe wa mahari ya dada yako. Walikuwa wa kumwolea Luhende. Nilioongeza ni wa kurudi zizini badala yao, basi."

Luhende, mdogo wangu, alikuwa anakula. Hakuinua uso.

Kesho yake baba alipeleka mnadani maksai wawili waliobaki, wale wa kulimia. Aliyewaswaga ni Luhende. Nilipokea fedha kwa mikono miwili, nikapanda basi kurudi chuoni.

Chuoni vijana huniuliza uzamivu huchukua muda gani. Nawaambia wasianze kabla ya kupata mfadhili atakayewafikisha mwisho, kwa maana tangazo halisemi nani hulipa miaka inayozidi. Mimi namjua. Msimu huu analima kwa jembe la mkono, na bado hajaoa.