Sauti Tatu za Nyumbani Kwetu

Nyumbani kwetu Nyanungu hatuongei, tunatangaza. Mama mkwe wangu akiomba chumvi, jirani wa shamba la tatu anajua mboga yetu haijakolea. Mume wangu akimsalimia mtu aliyeketi mbele yake, utadhani mtu huyo yuko ng'ambo ya mto na mto wenyewe umejaa. Na mimi niliyeolewa humo nisijifanye malaika. Nawashinda wote, na nikipandisha mori hata ng'ombe wanaacha kucheua. Basi ni katika nyumba hiyo Mungu aliamua kunipa binti asiyevumilia kelele.

Alipokuwa mdogo tulisema ana deko. Mfuniko wa sufuria ukianguka, anaziba masikio na kulia mpaka anatapika. Bodaboda ikipita karibu, anaingia uvunguni. Mama mkwe alisema ni woga wa kitoto, utaisha. Mimi nilikuwa namfokea anyamaze, na leo nikikumbuka naona aibu, maana nilikuwa namtibu kelele kwa kelele.

Ikaja shule. Alipofikisha miaka mitano nilimpeleka darasa la awali, sare mpya, soksi zimepanda hadi magotini. Kengele ya shule yetu ni rimu la lori lililoning'inizwa mtini, linapigwa kwa kipande cha nondo. Ilipolia asubuhi ile, binti yangu alichomoka. Hakuja kwangu wala hakuelekea nyumbani. Alikwenda moja kwa moja barabarani, macho wazi lakini hayaoni. Lori la mchanga lilifunga breki, likamwachia nafasi ndogo ambayo mpaka leo siwezi kuionyesha kwa mikono. Dereva alishuka akakaa chini kwenye vumbi.

Mwalimu wa awali, mama mtu mzima mwenye watoto wengi kuliko madawati, aliniambia kwa upole nikae naye nyumbani mwaka mmoja kwanza. Mwakani nimrudishe, ila akikimbilia tena barabarani, yeye hataweza kuendelea kuwa naye. Mume wangu akasema basi, atachunga mbuzi na bibi yake, si lazima kila mtu asome. Nilimwangalia. Mimi nilitolewa shuleni nikiwa darasa la tano, najua inavyouma kusimama na mbuzi pembeni mwa njia wakati wenzako wanapita na madaftari. Nikamwambia mwanangu atasoma, hata kama itanibidi nilibebe lile rimu nikalitupe mtoni. Bila shaka majirani nao walisikia.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetuelekeza hospitali ya Tarime, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Jina lenyewe lilikuwa geni kwangu. Tukaenda watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe, aliyekataa katakata kubaki nyumbani kwa sababu huenda daktari akahitaji ushauri.

Nilitegemea koti jeupe na sindano. Tukamkuta kijana mmoja wa kutoka Pwani amekaa mkekani, viatu kavua, pembeni yake ndoo za mchanga, mipira na blanketi. Alimwamkia mama mkwe shikamoo kwa sauti ndogo hata mama mkwe akamuuliza kama amekula. Kazi yake, alitueleza, ni kumsaidia mtu aziweze shughuli zake za kila siku, na shughuli za mtoto ni kucheza, kula, kuvaa, kukaa darasani na wenzake. Akasema binti yangu hana deko wala hana pepo. Sauti ambazo sisi tunazipuuza, kwake zinaingia kubwa mno, na mwili wake ukishtuka haujui njia ya kurudi kwenye utulivu. Njia hiyo inafundishika.

Akambebesha ndoo yenye mchanga kidogo, toka ukuta huu hadi ule, mara kadhaa. Akamwambia asukume ukuta kwa viganja, kwa nguvu zake zote, aihamishe hospitali kama anaweza. Kisha akamviringisha ndani ya blanketi, kichwa tu nje, akawa anamkandamiza polepole mabegani. Nikamwona mwanangu anatoa pumzi ndefu, mabega yanashuka. Sikuwahi kuyaona yameshuka namna ile akiwa macho.

Kijana akauliza nyumbani kwetu kuna kazi gani za nguvu zinazomfaa mtoto wa umri ule, maana mwili uliotoka kufanya kazi haushtuki ovyo. Mama mkwe akaanza kutaja: kusaga ulezi kwa jiwe, kubeba kidumu kidogo cha maji, kukanda udongo wa kukandika jiko, kusukuma toroli ya samadi. Kila alichotaja, kijana aliitikia kwa kichwa na kuandika. Mama mkwe akanigeukia kwa ushindi. Kumbe yeye ni daktari tangu usichana wake, alisema, ila tu hakuna aliyemvalisha koti.

Kosa letu lilianzia mlangoni, tulipokuwa tunaaga. Kijana alisema tujitahidi pia kupunguza sauti nyumbani. Katika yote aliyosema siku ile, hilo ndilo tulilolishika. Tulilibeba mpaka Nyanungu, tukalitekeleza kama amri ya mkuu wa wilaya.

Hatukupunguza, tulizima. Redio ikafungiwa sandukuni. Mume wangu akawa anaita ng'ombe kwa kupunga mkono, na ng'ombe, kwa heshima zote, hawakumwelewa. Mama mkwe na mimi tulisemezana kwa macho, na kwa kuwa hatukuwahi kuelewana hata kwa maneno, mboga iliungua mara mbili. Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikaona watu wanaingia uani. Wanaume wamevua kofia. Wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wamebeba unga, maharage na sukari. Wakakaa chini taratibu, na mmoja akaniuliza kwa huzuni, nani ametutoka.

Nyumba ile kimya siku nne mfululizo, walisema, kama si msiba ni nini? Mama mkwe akajaribu kuwaeleza kwa kunong'ona kwamba hakuna aliyekufa. Huo ulikuwa mnong'ono wake wa kwanza maishani na ukaharibu kila kitu, maana walidhani sauti imekauka kwa kulia. Mwanamke mmoja akaanza kuangua kilio. Mwishowe mume wangu alisimama katikati ya ua akatangaza, kwa sauti yake ile ya siku zote, kwamba tuko hai sote. Binti yangu akakimbilia uvunguni. Wageni, kwa kuwa walishafika, walipika maharage yao wakala, wakaondoka alasiri.

Tuliporudi Tarime na kumsimulia kijana yule, alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Mimi nilinuna. Alipoona nimenuna akaacha kucheka, akanisogezea kigoda.

"Mama, dunia hamtaweza kuinyamazisha," alisema. "Kengele italia tu. Tumfundishe aizoee sauti kidogo kidogo, na akishtuka ajue la kufanya."

Ndipo akatupa kazi nyingine. Mtoto mwenyewe azipe majina sauti za nyumbani, na awe yeye msimamizi wake. Binti yangu alifikiri sana, halafu akasema ziko tatu: ya jikoni, ya zizini na ya mtoni. Ya jikoni ni ya kuongea na mtu aliye karibu. Ya zizini ni ya kuita mifugo. Ya mtoni ni ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Kuanzia hapo tukakoma. Ukifungua mdomo tu, unasikia nyuma yako, "Bibi, hiyo ni ya mtoni." Mama mkwe alilalamika kwamba amezaa watoto tisa ili aje asahihishwe na mjukuu, lakini nilimfuma zaidi ya mara moja akirudia sentensi nzima kwa sauti ya jikoni, peke yake, akijipima.

Mume wangu, ambaye alikuwa ameshamkabidhi mtoto kwa mbuzi, ndiye aliyetundika jembe bovu kwenye mti karibu na zizi, liwe kengele ya mazoezi. Sikumwomba. Kila asubuhi, baada ya kusaga ulezi, binti yetu alilipiga jembe lile yeye mwenyewe, kwanza kwa kijiti, baadaye kwa chuma. Akazoea. Kisha likawa linapigwa na baba yake, baada ya kuhesabu hadi tatu. Kisha bila kuhesabu. Akishtuka, anakwenda kwenye ukuta wa jiko kusukuma, anahesabu pumzi, anarudi. Ukuta ule una alama za viganja mpaka leo, na mama mkwe hataki zikandikwe.

Msidhani ilikuwa mteremko. Siku moja sokoni Tarime, gari la matangazo lilipita na spika zake, mtoto akaponyoka akaingia chini ya meza ya mzee mmoja muuza vitenge. Nilikuwa naanza kupandisha mori, nimeshafungua mdomo. Yule mzee, mwenye kofia ya kufuma, akaniashiria nitulie. Nikamweleza kwa kifupi. Akachukua jora zima la kitenge akamwekea mtoto mapajani alikumbatie, akaendelea kuuza. Tulikaa pale karibu saa nzima. Siku ile nilirudi nyumbani nimekata tamaa, nikamwambia Mungu kwamba mimi nimechoka.

Januari ikafika. Binti yangu alisaga ulezi alfajiri, akabeba kidumu chake cha maji kama watoto wengine wanavyobeba kwenda shule. Nilikuwa nimekubaliana na mwalimu kwamba atamsimamisha karibu na ukuta wa darasa na kumwashiria kabla ya kengele. Mimi nilitakiwa nirudi nyumbani. Nikajificha nyuma ya uzio wa minyaa.

Mwalimu alimsimamisha ukutani, na alikuwa bado anafungua mlango wa darasa wakati kiranja, msichana mmoja mwenye bidii iliyopitiliza, alipolichapa rimu kwa nondo. Hakukuwa na ishara. Niliona mabega ya mwanangu yanaruka. Mikono ikaenda masikioni. Mguu mmoja ukageukia getini, na nje ya geti nilisikia injini ya gari inakuja.

Nilipita katikati ya minyaa, sijui vipi, khanga na ndala zikabaki humo. Nilipiga kelele, "Usikimbieee!" na nina hakika Kenya walisikia. Shule nzima iligeuka. Watoto mstarini wakaanza kucheka. Nilikimbia uwanjani miguu mitupu, nikafika kwake nahema, na ndipo nikaona kwamba hakuwa ametoka pale alipokuwa.

Alikuwa ameukabili ukuta, viganja vyote viwili vimeubana, anausukuma. Midomo inahesabu. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa anasukuma. Gari lilipita nje likaenda zake. Alipomaliza kuhesabu, akavuta pumzi, akanigeukia na kunitazama kuanzia miguuni hadi kichwani kama bibi yake anavyofanya.

"Mama," aliniambia kwa sauti ya jikoni, "hiyo ilikuwa ya mtoni. Sukuma na wewe."

Nikaweka mikono ukutani. Yeye akafuta uso kwa mkono wa sare, akaokota kidumu chake, akaenda kupanga mstari na wenzake wala hakugeuka nyuma. Mwalimu alikuja akasimama kando yangu. Mimi nililia pale mbele ya watoto wote, nikiusukuma ukuta wa shule ile kwa nguvu zangu zote.