Kashata za Kuliwa Gizani

Mwanangu, siku niliyoingizwa ghalani nikiwa na matope mikononi naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Imenijia tena jana, nilipokuona ukikaanga hiyo shayiri yako ya dukani, unaichanganya na karanga na asali, unamkatia mumeo vipande aende navyo mgodini huko Geita. Umefanya vizuri. Lakini hebu kaa kwanza, asali haikimbii.

Nilikuwa bi harusi mbichi, hapa hapa pembeni mwa Kahama. Baba yako Maduhu alikuwa anachimba dhahabu kwenye duara, lile shimo refu la wachimbaji. Akishuka alfajiri, hali kitu mpaka apande jioni, maana kupanda katikati ya kazi ni kupoteza zamu. Jioni magoti yanamtetemeka kwenye ngazi. Siku moja mguu ukateleza, mwenzake akamdaka. Nilipoambiwa nilikosa usingizi. Ngazi ile ingenifanya mjane kabla sijazoea kuitwa mke.

Nikaamua kumtengenezea kashata za kushuka nazo. Nilichukua matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, nikayatwanga yakabaki chengachenga. Nikatia karanga za kukaanga na ufuta, nikamwagia asali iliyochemka, nikakandamiza kwenye sinia. Nikakata vipande vikubwa kama matofali, vinang'aa hasa, nikampelekea mama mkwe aonje huku nikisubiri sifa zangu. Ujana bwana!

Mama mkwe tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alikuwa mwembamba, mkimya, sijawahi kumsikia akimfokea mtu. Akaonja, akasema ni tamu. Kisha akanitoa nje, akaniambia nichovye mikono kwenye tope, akaniingiza ghalani na kufunga mlango. Giza totoro. Akanipa kipande.

"Haya, kula. Mkono mmoja shika ukuta, usiuachie."

Nilikula tope, mwanangu. Kipande hakiingii mdomoni, nikikiuma kinavunjika, nusu ikaanguka nikawa naipapasa sakafuni. Nilitaka kulia kwa aibu.

"Ulimpikia nani?" akaniuliza. "Mimi wa hapa juani, au mwanangu wa kule chini?"

Kashata zangu zilikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini yule mama hakuwahi kushuka duarani, maana enzi zile mwanamke hakuruhusiwa hata kuusogelea mdomo wake. Walisema dhahabu itakimbia. Basi alijuaje? Alimuwaza mwanawe tu, kwa mapenzi, mpaka akafika mahali miguu yake ilikokatazwa. Hadi leo namvulia kofia.

Tukaanza upya. Akanionyesha kuchemsha asali mpaka tone lake likitiwa kwenye maji baridi ligande. Hapo kashata haimeguki ovyo. Tukakata vipande vyembamba kama kidole. Kila kimoja tukakivika ganda laini la hindi, tukalifunga kwa uzi wa ganda hilo hilo. Mtu analishika ganda kwa mkono wake wa tope, analifungua kwa meno, anauma. Vidole havigusi chakula.

Masika yaliyofuata ngazi ilikatika, wanaume wakabaki chini kutwa nzima. Mimi na Mayu tulisimama mbali, pale wanawake walipowekewa mpaka, hatuambiwi kitu. Jioni kamba ilipopatikana, kila mtu alipaswa kupanda kwa nguvu zake mwenyewe. Wakatoka mmoja mmoja. Baba yako alitoka wa mwisho, kwa miguu yake, hana hata kashata moja mfukoni. Alikuwa amewagawia wote. Mayu akakaa chini palepale kwenye tope, akalia kama mtoto, nami nikamkumbatia.

Basi mwanangu, shika hili. Mapishi ni mepesi, hata jirani atakufundisha. Ukitaka kumlisha mtu, usiishie jikoni kwako. Mfuate kwa mawazo mpaka pale anapokula chakula chako, uijue mikono yake ilivyo na nafasi aliyonayo. Leo mumeo akirudi muulize: anakula amekaa, au amesimama? Usione haya. Mke asiyeuliza hupikia sinia.

Mungu aibariki mikono yako. Na kila utakayemfungia chakula asubuhi, amrudishe kwako jioni akiwa mzima, akilalamika mlangoni kwamba ana njaa.