Unga wa Aiskrimu

Miaka mitatu nilihangaika na majivu ya pumba za mpunga. Ndani yake kuna silikoni, na kwenye betri ya lithiamu silikoni inabeba chaji nyingi kuliko grafaiti tuliyoizoea. Kasoro yake ni kwamba ikichajiwa inavimba, chaji ikiisha inasinyaa, mwisho inapasukapasuka. Ndiyo maana inahitaji gundi ya kuishikilia.

Nilichoka. Msimamizi wangu naye alichoka, akasema tujaribu mara moja ya mwisho, ikishindikana tufunge kazi. Silikoni yote iliyobaki, jasho la miezi minne, ilienea kwenye kichupa cha dawa ya macho.

Gundi ya maabara ikaisha. Nikaenda Kariakoo, maana gundi yenyewe ni CMC, unga uleule wa kuifanya aiskrimu iwe nzito. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa Kilimanjaro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatengeneza aiskrimu?"

Kila niliyewahi kumweleza kazi yangu aliishia kunikabidhi simu yake nimtazamie betri. Siku hiyo sikuwa na nguvu hizo. Nikasema ndiyo, aiskrimu. Akaingia nyuma, akatoka na mfuko umeshafungwa.

Nikachanganya, nikapaka kwenye karatasi ya shaba. Ilikauka na nyufa, nikasingizia joto la tanuri. Betri ilichaji mara ya kwanza vizuri, mara ya tatu ikalegea, mara ya tano ikafa kabisa. Nikalaumu pumba, nikalaumu tanuri, nikalaumu na umeme wa Bongo. Msimamizi hakunigombeza, akaniambia tu nikapumzike, na hilo liliniuma zaidi.

Wiki iliyofuata nilikuwa napita zangu pale, mama akaniita.

"We mtu wa aiskrimu! Vipi, haikutoa mabonge?"

"Mabonge gani, mama?"

"Si nilikuchanganyia na sukari, nusu kwa nusu! Nyie mnaoanza nikiwapa unga mtupu unashikana kwenye maji, halafu mnarudi kunisema."

Nilitafuta hasira nikaikosa. Alikuwa amenitendea wema, tena bila kuombwa. Nikamwambia ukweli wote: siuzi aiskrimu, nilikuwa natengeneza betri, sukari imeiharibu, na kazi ya miaka mitatu imefungwa.

Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Sasa mwanangu, mbona hukusema? Mtupu si huo hapo, umeuegemea."