Ng'ombe wa Maboma Mawili

Fundi wa cherehani aliyekaa barazani pa duka la Ugas, mjini Meru, hakuwahi kufanya kazi ya fedha, lakini mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau, alijiandikisha kwa posta kufanya mtihani wa uwekaji hesabu. Alisoma huku miguu ikikanyaga cherehani na pini ikiwa mdomoni, na kila ukurasa wa daftari aliugawa safu mbili kwa chaki ya kukatia nguo. Wateja walimtania. "Fundi, suruali yangu umeiandika kushoto au kulia?" Naye hakuinua kichwa. "Kote kuwili, mzee. Ndiyo hesabu yenyewe."

Jumamosi, fundi akielekea Embu kwa mtihani wa Jumatatu, homgadi, mgambo wa serikali aliyelinda kizuizi cha barabarani, alilitwaa daftari. Kwake, safu mbili za namba zilikuwa siri za msituni. Fundi aliitoa pini aliyozoea kuibana mdomoni hata safarini. Alikumbuka desturi ambayo leo imekufa, ya kumlaza ng'ombe kwa rafiki, yaani kumwacha atunzwe katika boma lake, miaka mingi bila karatasi wala shahidi.

"Ndugu, baba yako aliwahi kumlaza ng'ombe kwa rafiki?"

"Alimlaza kwa rafiki yake kule Siakago."

"Mlimhesabu katika boma gani?"

Homgadi aliwaza. "Yote mawili. Kwetu ametoka, kule ameingia."

"Basi daftari zima umelisoma."

Homgadi alizitazama tena zile safu, kidole kikifuata mstari wa chaki. "Na akizaa, ndama anaandikwa wapi?"

"Ndama yuko sura ya tisa ya masomo," fundi alisema, mkono ameunyoosha. "Nipe daftari nimfikie kabla ya Jumatatu."

Homgadi alimpa, akainua mti wa kizuizi.