Jina Lisilo na Mwenyewe

Alexander Kimeli, seremala wa Kimulot, ameandika michezo ya kuigiza kumi na miwili, yote kwa Kikipsigis, yote kwa ile penseli bapa ya kuchorea mbao. Cherehani yangu iko ukuta mmoja na karakana yake, na mimi Mellen ndiye ninayewashonea waigizaji wake mavazi, kwa hiyo asije mtu kuniambia simjui. Ni fundi wa vitanda, milango na majeneza, na ni mkaidi kupita kiasi. Ukimwambia mguu wa meza umepinda, atakuambia sakafu yako ndiyo iliyopinda.

Alianza kuandika kwa sababu ya lori. Wakulima wetu hupeleka majani ya chai kwenye banda la kupimia, kisha wanakaa masaa wakisubiri lori la kiwanda. Siku moja alikuwa pale akitengeneza mabenchi, akawasikia wazee wakilalamika kwamba wajukuu wao hawajui lugha tena. Wiki iliyofuata akaja na mchezo wa mzee anayemtuma mjukuu wake kufunga ndama, na mjukuu haelewi hata neno moja. Watu walicheka mpaka dereva wa lori akachoka kupiga honi. Mimi ni Mgusii niliyezaliwa kambi ya wachuma chai, nikakua nikicheza na watoto wa Kipsigis, na siku hiyo nilicheka hadi nikashika mbavu. Tangu hapo kila mwaka ana mchezo mpya wa banda, na sharti lake ni moja: uishe kabla lori halijafika.

Mchezo wa kumi na mbili ulihusu kumwita mtoto jina. Kwa Wakipsigis wa zamani, kina mama humzunguka mtoto mchanga wakataja wafu wa upande wa baba, mmoja mmoja, huku wakimsogezea ugoro puani. Jina linalotajwa anapopiga chafya ndilo lake. Maana yake mfu huyo amerudi. Familia nyingi zilizookoka zimeacha jambo hilo. Hata Kipruto, mwana wa Alexander, na mkewe Chepkemboi hawakulifanya. Mtoto wao wa wiki tano alikuwa na jina la kanisani tu, Victor.

Sasa Alexander alitaka kichekesho. Kina mama wataje kwa bahati mbaya jina lisilofaa, wazibe midomo, kisha kwa jina linalofuata mtu ajifiche nyuma ya vikapu apige chafya kwa niaba ya mtoto. Lakini atumie jina baya la nani? Akitumia la boma la mtu, atafuatwa na rungu. Akachukua la kwao: Mosonik, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Huyo alimpiga mama yake mzazi kwa fimbo mwaka wa njaa. Mama akamlaani, naye akafa peke yake kando ya barabara huko Mulot, bila mke wala mtoto. Wazee wakasema jina lake lisiitwe tena.

"Hiyo jina haina mwenyewe, Mellen," aliniambia akifurahi. "Hakuna mtu atakasirika."

Nami mjinga nikacheka.

Mdoli tulikuwa nao. Alexander akautazama akasema unafanana na kiazi kitamu, na kwa kuwa Chepkemboi ndiye aliyeigiza mama, akamwambia aje na Victor. Ndani ya kikopo cha ugoro akatia unga laini wa mbao ya saipresi.

Siku yenyewe banda lilijaa. Cheptoo, aliyeigiza shangazi, akakisogeza kikopo na kusema kwa sauti yake ya madaha, "Mosonik, ni wewe umekuja?"

Victor akapiga chafya.

Vijana walicheka sana. Kisha wakaona uso wa Chepkemboi, na kina mama wazee walioanza kusimama na kuchukua vikapu vyao, na kicheko kikakatika. Hakuna aliyetaja jina lililofuata.

"Ni vumbi tu," nilimwambia Alexander. "Hata mimi ningepiga chafya."

"Na ugoro ni nini, Mellen? Si ni vumbi?"

Nilianza kuogopa hapo hapo. Mimi ni Msabato niliyezamishwa mtoni mzima mzima, lakini wiki hiyo nilikuwa nikimwona Chepkemboi akipita na mtoto, naingia ndani. Siku ya tatu mtoto alianza kukataa titi. Hospitalini walimpima wakasema kifua kizuri, hana homa, mrudisheni nyumbani. Alexander aliacha kazi. Alipima ubao mmoja mara nne na hakuukata.

"Akilala anakunja ngumi," aliniambia kwa kunong'ona. "Kama mtu ameshika fimbo."

"Watoto wote hukunja ngumi!"

"Ya kulia tu, Mellen. Ya kulia tu."

Mtu ambaye Alexander alimwogopa zaidi ni mama yake, Phyllis, tuliyemwita Kogo, yaani nyanya, aliyeolewa bomani kwao Mosonik akiwa bado hai. Alimficha jambo hilo. Lakini Kimulot hakuna siri, na asubuhi ya siku ya tano Kogo aliingia nyumbani kwa Kipruto, akaagiza mwanawe aitwe. Alexander aliniomba nimsindikize.

Kogo hakumgombeza. Alimtazama mtoto, akasema, "Jina likishapigiwa chafya halirudi. Aliyemlaani ni mama yake, na laana ya mama inafunguliwa na mama. Yule alishakufa. Sasa mama yake ni huyu." Akamwonyesha Chepkemboi kwa kidevu.

Chepkemboi akamvuta mtoto kifuani. "Kogo, nikimsamehe, si nimekubali ndiye yeye?"

"Ndiyo."

"Na nikikataa?"

Mtoto alikuwa hajanyonya tangu jana alfajiri, na hata kulia alikuwa ameacha.

Chepkemboi akamgeukia mkwewe. "Baba, ni wewe uliandika. Haya, niandikie na hii. Niseme nini?"

Michezo kumi na miwili! Mtu aliyewapa maneno walevi, machifu, wachungaji na ng'ombe. Mkono wake ulienda sikioni penye penseli, ukashuka mtupu.

"Sijui, mama," alisema. "Sijui."

Basi yule msichana akamwinua mtoto hadi usoni pake, akasema maneno yake mwenyewe: "Mosonik. Ulimpiga mama yako. Mama yako sasa ni mimi. Ukinipiga nitalia, lakini sitakulaani."

Akamweka titini. Tulisimama, hakuna aliyethubutu kuketi. Mtoto akageuza kichwa huku, akageuza kule, kisha akalishika.

Alexander aliangua kilio, mzee mzima, kwa sauti.

"Nyamaza," Kogo alimwambia. "Utamshtua baba yako mkubwa."