Uwele Wetu na Njia ya Kurukia

Sisi Wagogo hatukubali uwele uliwe na ndege hawa, kweleakwelea. Ukianza kukomaa, mke wangu hupanda juu ya dungu la kulindia alfajiri, nami nikimaliza sala ya haraka namfuata na debe bovu. Tunapiga kelele mpaka kundi zima lihame. Shamba letu linapakana na uwanja mdogo wa ndege, usawa wa mwisho wa njia ya kurukia, na miaka yote tulijiona walinzi hodari.

Msimu mmoja akaja binti wa usalama wa uwanja, amevaa kizibao cha kung'aa. Akatuamkia, akatutazama tukifukuza, kisha akashika kichwa.

"Babu, mnajua wanakokwenda?"

"Kwa jirani," mke wangu akadakia. "Naye atawafukuza. Ndiyo ujirani."

"Wanatua kwenye njia yetu ya kurukia, bibi. Na eropleni inakuja."

Nikaliweka debe chini. Akatueleza kwamba wameshafyeka nyasi na kusawazisha ncha za njia, ili eropleni ikipitiliza isitumbukie korongoni. Yote hayo ni ili zile kubwa ziendelee kutua hapa. Kweleakwelea wakibaki na kuingia kwenye injini, zitaacha kuja. Kwa hiyo wakubwa wake walitaka kusogeza uzio na kulitwaa shamba letu.

Shamba lile ndilo lililotulisha na kutulelea watoto. Niliomba kwa siku kadhaa, na Mungu akanijibu kwa kinywa cha mke wangu, tena kwa kununa.

"Si ni uwele unaowaita? Tupande karanga. Ila ukikosa ugali wako usinitazame mimi."

Binti akatuombea kwa wakubwa wake msimu mmoja wa majaribio.

Karanga zilistawi. Kweleakwelea walipita juu bila kugeuza shingo. Ugali sikuukosa, maana ndugu zetu wa vijijini walifurahi kubadilishana uwele kwa karanga. Hata sauti yangu, ambayo kila mavuno hukauka kwa kelele, safari hii iliimba kanisani hadi wimbo wa mwisho.

Baada ya mavuno binti alirudi akitabasamu: uzio utabaki pale pale. Mke wangu akamjazia karanga mbichi kwenye kanga.

"Bibi, kazini haturuhusiwi kupokea zawadi."

"Basi usipokee. Kaa hapa ule."

Akavua kizibao, akaketi mkekani, akaanza kumenya. Nikavua kofia kushukuru chakula, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka ya kusema amina.